Merikani ya Osaka

Tarehe 7 Mei 1934 Walter Runciman, waziri aliyeongoza Bodi ya Biashara ya Uingereza, alisimama bungeni London kutangaza kwamba mazungumzo na Wajapani kuhusu nguo yamevunjika, na kwamba tangu hapo makoloni yatawekewa kikomo cha vitambaa vya kigeni yanavyoweza kuingiza. Kipimo kilikuwa wastani wa vitambaa vilivyoingia kati ya 1927 na 1931, yaani kabla nguo za Kijapani hazijafurika. Hakuna aliyedhani kwamba mgeni aliyelengwa ni Mholanzi. Wenye viwanda vya pamba vya Lancashire walikuwa wamepiga kelele kwa muda mrefu, na siku hiyo walipata walichokitaka.

Lakini hawakukipata kila mahali. Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Nyasaland hazikuguswa na amri hiyo. Mnunuzi wa Kisumu au Pangani aliendelea kuchagua kitambaa cha Kijapani dukani kama jana, wakati mwenzake wa Colombo alikuta kimeadimika na bei imepanda. Wote wawili walikuwa chini ya bendera moja. Aliyekuwa amemkinga huyu wa Pangani hakuwa gavana wala mbunge. Ilikuwa karatasi iliyotiwa saini Berlin miaka karibu 50 kabla yake, na watu ambao hawakumfikiria hata kidogo.

Karatasi yenyewe ni ule Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885. Watoto wetu hufundishwa kwamba Berlin ndiko Afrika ilikogawanywa, na basi. Ukiusoma mkataba wenyewe unakuta sehemu kubwa yake ni habari za biashara. Wakubwa wa Ulaya walikubaliana kwamba bonde la Kongo, pamoja na ukanda mpana wa mashariki yake unaofika Bahari ya Hindi, kuanzia digrii 5 kaskazini ya ikweta hadi mdomo wa mto Zambezi, utakuwa wazi kwa wafanyabiashara wa mataifa yote bila upendeleo. Uingereza iliafiki kwa moyo mweupe. Wakati huo hapakuwa na taifa lililoweza kufuma kitambaa kingi na kwa bei ndogo kama yeye, na penye ushindani wa haki alijua mshindi ni nani.

Mwaka 1890, huko Brussels, serikali za eneo hilo ziliruhusiwa kutoza ushuru wa forodha usiozidi asilimia 10. Baada ya Vita Kuu, tarehe 10 Septemba 1919, mataifa saba yalikutana Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris kuuandika upya mkataba: Marekani, Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa, Italia, Ureno na Japani. Wajerumani, waliokuwa wenyeji wa mkutano wa Berlin, hawakuwamo kwa kuwa wameshindwa vita. Wajapani walikuwamo kwa kuwa walipigana upande wa washindi. Kikomo cha asilimia 10 kiliondolewa; kila serikali ikawa huru kutoza ushuru inaotaka. Sharti lililobaki lilikuwa moja: bidhaa ya taifa lolote lililotia saini itozwe sawasawa na bidhaa ya mwenye koloni. Tanganyika ilikuwa na sharti la pili juu ya hilo, kwa sababu Uingereza iliishika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kifungu cha 7 cha hati ya udhamini kiliwapa raia wa nchi wanachama haki sawa za biashara.

Mwaka 1919 hakuna aliyeona shida kumweka Mjapani mezani. Nguo zake wakati huo zilikuwa duni.

Wazee wa pwani walikiita merikani kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kwa sababu karne ya 19 kilikuja na meli za Salem, Massachusetts, zilizofuata pembe na gundi Zanzibar. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara hiyo, Uingereza na Bombay zikaingia. Baada ya Vita Kuu ikaja zamu ya Osaka. Mnunuzi aliendelea kuomba merikani, na mwenye duka aliendelea kumpa, bila yeyote kati yao kujali kilikofumwa.

Walichojali kilikuwa kitambaa chenyewe. Jora likifunguliwa juu ya meza, mnunuzi hakuanza na bei. Alikikunja kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua ajue ni uzito wa pamba au wa wanga, maana kitambaa kilichopakwa wanga mwingi hulegea siku ya kwanza kikifuliwa. Alikiinua kwenye mwanga wa mlangoni aone kama nyuzi zimekaribiana. Kisha akaitazama chapa iliyogongwa kwenye kichwa cha jora. Chapa iliyokwisha kuaminiwa iliuza yenyewe, na waagizaji waliijua nguvu yake. Hapo tu ndipo bei ilipoanza kuzungumzwa, kwa yadi au kwa mkono, na senti mbili ziliweza kuchukua nusu saa.

Kwenye mizani hiyo Mjapani alikuja kushinda, na hakushinda kwa hila peke yake kama Lancashire ilivyopenda kudai. Ni kweli viwanda vya Osaka viliajiri wasichana wa vijijini waliolala mabwenini na kulipwa kidogo. Ni kweli pia kwamba Desemba 1931 Japani iliiondoa yeni kwenye dhahabu, na ndani ya mwaka mmoja yeni ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mbele ya dola; ila Uingereza yenyewe ilikuwa imeiondoa pauni kwenye dhahabu miezi mitatu kabla. Lililoiuma zaidi Lancashire ni mashine. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha kitanda cha kufumia kilichojibadilishia nyuzi chenyewe bila kusimama, hivyo msichana mmoja akaweza kuangalia vitanda vingi mara moja. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, iliyokuwa imeiuzia dunia nzima mashine za pamba, ikiwamo Japani, ilinunua kwa Toyoda haki ya kukitengeneza kitanda hicho. Mwalimu alikwenda kununua somo kwa mwanafunzi, na viwanda vingi vya Lancashire havikukitaka hata baada ya hapo. Mwaka 1933 Japani iliipita Uingereza na kuwa nchi inayouza nje vitambaa vingi vya pamba kuliko zote duniani.

Afrika Mashariki bidhaa hizo zililetwa na meli za Osaka Shosen Kaisha, zilizoanza safari za kawaida mwaka 1926 kwa msaada wa serikali ya Japani. Zilishusha nguo Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na hazikurudi tupu: zilichukua pamba ya Uganda na magadi ya Kenya. Wafanyabiashara wa Kihindi ndio walioshika njia yote ya kati, tangu ghala la Mombasa hadi duka la mabati kando ya reli. Hawa hawakuwa na sababu ya kuionea huruma Manchester. Mwagizaji wa kanga wa Mombasa, mfano Kaderdina Hajee Essak ambaye kanga zake mpaka leo zinajulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, alihitaji mchapaji atakayefuata mchoro na maandishi yake bila kukosea, apokee oda kwa bei nafuu na kuileta kabla sikukuu haijapita. Wachapaji wa Kijapani walijifunza kazi hiyo upesi.

Na wakati wenyewe uliwasaidia. Baada ya 1929 bei za mazao zilianguka. Bei ya katani ilishuka kwa zaidi ya nusu. Pamba, kahawa na mahindi vilishuka nayo. Mishahara ya mashambani ilipunguzwa. Kodi ya kibanda haikushuka: mkulima wa Kenya aliyedaiwa shilingi 12 wakati mazao yana bei alidaiwa shilingi 12 wakati hayana, na sasa ilimbidi auze magunia zaidi ili azipate. Baada ya kulipa, kilichobaki cha kununulia nguo kilikuwa kidogo mno. Bila kitambaa cha Kijapani na viatu vyake vya raba, watu wengi wangerudia nguo zilizochakaa, au wasingenunua kitu. Hata maofisa wa serikali za huku walilijua hilo vizuri, kwa kuwa mtu asiyeona cha kununua dukani haoni sababu ya kulima pamba ya kuuza.

London iliwaza mengine. Julai na Agosti 1932 wakuu wa Uingereza na nchi kubwa za himaya yake walikutana Ottawa, Canada, wakaafikiana kupeana nafuu ya ushuru wao kwa wao na kuwapandishia wengine. Ilikuwa ni kuizika ile imani ya biashara huria ambayo Uingereza iliihubiri kwa karibu miaka 90. Makoloni hayakuwa na kiti cha maana Ottawa. Yaliambiwa baadaye la kufanya. India, iliyokuwa na serikali yenye sauti kidogo, ilikuwa na ugomvi wake: Juni 1933 ilipandisha ushuru wa nguo zisizo za Kiingereza hadi asilimia 75, Wajapani wakajibu kwa kugoma kununua pamba ghafi ya India, na Januari 1934 pande mbili zikapatana, nguo kwa pamba, yadi kwa marobota. Hayo yalikuwa mapatano ya watu wanaopimana nguvu.

Colombo hakukuwa na mapatano. Baraza la Ceylon, lililokuwa na wajumbe waliochaguliwa kwa kura za watu wote, lilikataa kupitisha kikomo cha Runciman kwa hoja iliyo wazi kabisa kwamba maskini wa Ceylon ndio watakaolipa gharama za kumwokoa mfumaji wa Lancashire. London ilikipitisha kwa amri ya mfalme, juu ya kichwa cha baraza. Ukitaka kujua siasa ya biashara ya kikoloni ilikuwa nini, tukio hilo linatosha.

Kwa nini basi halikutokea Nairobi au Dar es Salaam? Wanasiasa wa Lancashire walilitaka, na miaka ile ya kati ya 1930 walidai mara nyingi kwamba Uingereza ijitoe katika mikataba ya bonde la Kongo. Serikali ililipima na kusita. Kujitoa kulihitaji kuzungumza na mataifa mengine yaliyotia saini, na kila moja lingedai lake. Hata kama mkataba ungevunjwa, hati ya udhamini ya Tanganyika ingebaki, na Tanganyika ilikuwa ndani ya umoja wa forodha pamoja na Kenya na Uganda: huwezi kuziba Mombasa ukaacha Tanga wazi. Kisha kulikuwa na Ujerumani na Italia, zilizokuwa zikinung'unika kwamba Uingereza imejifungia mali za dunia. Kuziba bandari za Afrika Mashariki wakati huo kungekuwa kuwapa hoja mkononi. Ubelgiji nayo ilikuwa Kongo chini ya mkataba uleule, na nguo za Kijapani ziliingia huko pia. Na kulikuwa na kichekesho cha Rhodesia ya Kaskazini, ambayo mpaka wa mkataba uliikata vipande viwili, upande mmoja ukiwa ndani ya eneo huria na mwingine nje, kila upande na forodha yake.

Mkataba, hata hivyo, ulikataza ubaguzi wa majina tu. Haukukataza werevu, na kulikuwa na njia ya kumbana Mjapani bila kumtaja. Ushuru ukitozwa kwa asilimia ya thamani, kitambaa cha bei ndogo hulipa kidogo na cha bei kubwa hulipa zaidi. Ukitozwa kwa kila yadi, vyote hulipa sawa. Tuchukue hesabu ya kubuni: kitambaa cha senti 15 yadi na cha senti 40 yadi, vyote vikitozwa senti 5. Cha kwanza kimelipa thuluthi moja ya thamani yake, cha pili kimelipa moja ya nane. Karani wa forodha hakuuliza kitambaa kimetoka wapi, kwa hiyo hakuna mkataba uliovunjwa, ila anayenunua kitambaa cha bei ndogo ndiye aliyebanwa. Katika miaka ya 1930 serikali za Afrika Mashariki zilitumia ushuru wa namna hii kwenye nguo za pamba. Zilikuwa na sababu yao ya karibu zaidi kuliko kuipenda Lancashire: bei za nguo zilipoanguka, ushuru wa asilimia ulianguka nazo, na hazina zilikuwa tupu. Kwa vyovyote vile, senti ilitoka katika kitita kilekile kilichofungwa pembeni mwa kanga.

Na Mjapani aliendelea kuuza. Kufikia kati ya muongo huo zaidi ya nusu ya vitambaa vya pamba vilivyoingia Afrika Mashariki vilikuwa vyake.

Msomaji anaweza kudhani kutokana na haya kwamba Afrika Mashariki kati ya vita viwili ilikuwa nchi ya biashara huria. Haikuwa hivyo. Tazama mambo ambayo hayakufungwa na saini ya mtu wa nje. Kenya, tangu 1922 na 1923, iliweka ushuru mzito kwenye ngano, unga, siagi, sukari na mbao kutoka nje, ili walowezi wauze vyao kwa bei nzuri. Mkataba haukuvunjwa, kwani kila taifa lilitozwa sawa. Tanganyika na Uganda zilivutwa ndani ya ukuta huohuo: Tanganyika ilikubali mazao ya Kenya yaingie bila ushuru, ikakosa mapato ya forodha kwa vitu ambavyo ingeviagiza nje, na wananchi wake wakalipa bei ya mlowezi. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kutoka London kukagua fedha za Tanganyika, alilisema jambo hilo waziwazi katika ripoti yake. Ripoti ilisomwa, mpango ukaendelea.

Au tazama katani. Tanganyika ilikuwa ikisafirisha marobota ya singa kwenda kusokotwa Ulaya na Marekani. Katika miaka hiyo ya 1930 kiwanda kimoja nchini kilianza kusokota kamba za kufungia mavuno na kuziuza mpaka Uingereza kwenyewe, kwa bei iliyowashinda wasokotaji wa huko. Hao walilalamika. Wizara ya Makoloni, ambayo kazi yake ilikuwa kuyatazama makoloni, ilijikuta ikiwasemea wenye viwanda vya Uingereza. Vitisho vya ushuru vilitolewa, kiwanda kikabanwa kipandishe bei yake katika soko la Uingereza, na mwishowe kikafungwa. Singa ikaendelea kusafiri kama singa. Mkasa wa kiwanda hiki hausimuliwi sana kama ule wa nguo, na mimi nadhani unastahili kusimuliwa zaidi, kwa sababu hapa mshindani hakuwa Mjapani. Alikuwa ni koloni la Uingereza lenyewe, likifanya kazi ambayo himaya ilidai inaitaka, na likaambiwa liache.

Misaada nayo ilikuwa na mkia. Sheria ya Maendeleo ya Makoloni ya 1929 ilitenga hadi pauni milioni 1 kwa mwaka kwa makoloni yote, na waliopitisha sheria hiyo bungeni hawakuficha kwamba shabaha ni kupata oda za chuma na mashine kwa viwanda vya Uingereza vilivyojaa watu wasio na kazi. Sarafu ilikuwa hivyohivyo. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyochukua nafasi ya rupia na florini mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilitolewa na bodi iliyokaa London, na dhamana yake iliwekwa London kwa pauni.

Pamba ya Uganda ndiyo inayofunga hesabu. Mbegu zililetwa Buganda mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya Lancashire, iliyoogopa kutegemea pamba ya Marekani, na mwaka 1921 liliundwa Shirika la Ukuzaji Pamba la Himaya kwa shabaha hiyohiyo. Wakulima wa Buganda, Busoga na Teso walilima kwa jembe la mkono. Lakini mteja mkubwa wa pamba yao katika miaka ya kati ya vita hakuwa Manchester, alikuwa Bombay, na Japani nayo ilinunua. Baadhi ya nyuzi zilizotoka Busoga zilirudi Mombasa kutoka Kobe zikiwa kitambaa, zikapanda reli ileile iliyozishusha, na aliyelima akainunua pamba yake kwa yadi, akilipia nauli ya meli kwenda na kurudi, faida ya mikono minne mitano, na ushuru wa forodha juu. Hakuna kifungu cha Berlin wala Saint-Germain kilichokataza kufuma nguo Jinja au Mwanza. Himaya haikuwa na haja ya kukikataza kitu ambacho hakuna mtu aliyepewa mtaji wa kukianzisha.

Julai 1941 Uingereza ilizuia mali na biashara za Japani katika himaya yake, na Desemba mwaka huo vita vikaanza kati yao. Meli za Osaka hazikuja tena. Mkataba wa Saint-Germain ulikuwa bado una nguvu kisheria, ila hapakuwa na kitambaa cha kuingiza. Nguo zikaadimika Afrika Mashariki nzima, na bei zikapanda kuliko kikomo chochote cha Runciman kingeweza kuzipandisha. Lancashire, iliyokuwa imedai soko hilo kwa miaka 10, haikuweza kulijaza. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha kusokota na kufuma pamba ya Uganda ndani ya Uganda kilianza kazi Jinja katika miaka ya 1950, na sehemu ya mtaji wake wa mwanzo ilitoka kwa kampuni ya wachapaji nguo wa Manchester.